Mtu Aliyeuchora Moto

Alikozaliwa sijui, na baba yake alikuwa nani sikumuuliza. Kuna watu ambao hawawezi kumweleza mtu bila kuanzia kwa babu yake, utadhani wanakuuzia ndama. Mimi nitaanzia kwenye chumvi.

Huyu alikuwa mpimaji katika shamba tulilokuwa tukifanyia kazi miaka ya hamsini, shamba la Mzungu mmoja la makonge na ng'ombe, upande wa Kalimoni. Mbele yake tulimwita Bwana Mpimaji. Nyuma yake tulimwita majina mengine ambayo sitayaandika, kwa sababu wajukuu wangu wanajua kusoma. Basi ukikaa naye kula githeri, mahindi na maharage, na chumvi iko mbali, hakusema nipe ile chumvi. Alisema, "Nisogezee chumvi, iko mashariki ya sufuria." Ukimpa kitunguu alikutazama kwa huruma. Kushoto na kulia hakuvitaka kabisa. Alisema kushoto ni neno la mtu asiye na makao: akigeuka kidogo tu, kushoto kwake kumehamia kwingine. Kaskazini haihami hata ukiwa umelewa.

Na yeye alikuwa halewi. Hilo ndilo lililotusumbua, kwa maana kama ingekuwa ni pombe inayosema tungemsamehe.

Mimi nilikuwa nyapara wa wafyekaji. Shule niliiacha darasa la pili, mwalimu aliponiambia kwamba kichwa changu ni jiwe. Leo nina machimbo ya mawe, na yule mwalimu alipojenga alikuja kununua kwangu. Nasema hivi ujue kwamba si kila mwenye penseli sikioni ananitisha. Mpimaji alikuwa na penseli sikioni hata kanisani. Jumapili moja mhubiri alikuwa akieleza jinsi wana wa Israeli walivyozunguka jangwani miaka arobaini. Mpimaji akainua mkono. Akauliza kama katika umati wote ule hakukuwa na hata mmoja aliyepanda kilimani kuangalia wanakoelekea. Mhubiri akamjibu kwamba lile lilikuwa jambo la imani. Mpimaji akasema anaelewa, ila imani na kilima havijawahi kugombana. Tangu siku hiyo, mhubiri akimwona anakunja mkono wa shati, alimwomba haraka aongoze wimbo. Na kuimba hakujua. Tuliteseka sisi.

Pamoja na maarifa yake yote, soko la Thika lilimshinda. Aliendea viazi, tukamkuta karibu na reli akiuliza watu aliko yule mama anayeuza viazi kando ya muuza mkaa. Muuza mkaa alikuwa amehama. Mpimaji aliukasirikia ule mkaa wiki nzima. Kitu kinachosogea hakukipenda. Kwenye ramani zake ungekuta josho, birika la maji, mwamba, kichuguu kimechorwa kwa heshima kama kanisa, lakini hungekuta ng'ombe wala mbuzi wala mtu. Alisema chenye miguu hakiingii kwenye karatasi yake.

Alikuwa amepima nchi zenye nyati. Alisema nyati ni kama jirani mkorofi, ukishazijua njia zake mtaishi naye. Lakini bata mzinga wa mwenye shamba aliwaogopa mpaka akageuka rangi. Walikuwa wawili, wanazunguka nyumba ya Mzungu siku nzima wakiwa wamevimba. Kwa hiyo ramani alizipitisha dirisha la jikoni, mpishi akazipokea akiwa katikati ya kukanda mkate, akazipeleka mbele. Siku moja Mzungu alimtuma mtu kuuliza ule mlima mweupe uliotokea kwenye ramani karibu na josho ni mlima gani.

Neno alilolichukia kuliko yote ni letu sisi sote, watu wa huku: hapo tu. Ukituuliza mto uko umbali gani, tunanyoosha mdomo na kusema hapo tu, nawe unatembea mpaka viatu vinakulilia. Mpimaji alisema, "Hapo tu imeua watu wengi kuliko chatu." Alikuwa mkali kwa jambo hilo. Ukimwambia hapo tu, alifungua kopo la tumbaku alimoweka dira yake, akakuambia uonyeshe.

Sasa moto.

Mashariki ya kambi yetu ya wafanyakazi kulikuwa na malisho makubwa ya nyasi zilizozeeka. Ng'ombe walizikataa, kupe wakazipenda. Mwenye shamba akasema zichomwe, zitoke mpya. Kuchoma nyasi si jambo geni. Shida ilikuwa sisi. Nyumba zetu zilikuwa za udongo na paa za nyasi, zimebanana kama meno, na mahindi ya mwaka mzima yalikuwa yamo ndani. Miezi ile ya ukavu upepo hutoka mashariki, yaani hutoka kwenye malisho ukija kwetu. Mwaka uliotangulia, shamba lililopakana nasi walichoma bila mpango wowote. Waliwasha kibiriti wakaomba Mungu. Kambi yao iliisha kabla chai haijachemka. Mama mmoja alikuja kwetu kuomba mahali pa kulala akiwa na sufuria na leso aliyoivaa. Kwa hiyo tuliposikia habari ya kuchoma, hakuna aliyecheka.

Mwenye shamba hakuwa mtu mbaya sana, lakini alisema paa ya nyasi hujengwa tena, nyasi si ziko. Ni Mpimaji aliyemwomba ampe nafasi achore kwanza. Sidhani alifanya hivyo kwa kutuhurumia. Aliona tu mtu anataka kufanya jambo kubwa juu ya ardhi bila karatasi. Tena ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari. Moshi mkubwa usio na ruhusa ungeleta askari, na askari wa siku zile hawakuhoji nyasi, walihoji watu. Ramani ilibidi ipelekwe ofisini Thika ikapigwe muhuri ndipo kibiriti kiguswe.

Akaanza kuzunguka malisho na dira yake na mnyororo wa kupimia. Kila pembe alisimama, akarusha vumbi juu, akaangalia linakwenda wapi, akaandika. Asubuhi, mchana, jioni. Wanawake waliokuwa wakichota maji walidhani anafanya uganga. Alipomaliza alinionyesha karatasi, kwa sababu wafyekaji walikuwa wangu. Nyasi ndefu zilikuwa za kahawia, mwamba wa kijivu, kambi nyeusi. Moto alikuwa ameuchora kwa penseli nyekundu, una mwanzo na una mwisho, kama barabara. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akiamua moto utalala wapi kabla ya kuuwasha.

Nikamwambia moto haujui kusoma.

"Hata wewe," akasema, "lakini unafuata vigingi."

Nilitaka kumpiga. Lakini alikuwa amesema kweli, basi nikamwuliza vigingi viko wapi.

Alikuwa ameviweka juu ya mwamba mrefu ulio kati ya malisho na kambi, mahali ambapo udongo ni kidogo na nyasi ni fupi na haba. Pale ndipo tungefyeka na kulima ukanda mpana, moto ukifika ukose chakula. Nyuma ya mwamba huo, kuelekea kambini, kulikuwa na vishamba vya wake zetu, vya maharage na viazi, ambavyo Mzungu aliwaruhusu walime na hakuna aliyewahi kuvipima. Mbele ya mwamba kulikuwa na bonde lenye nyasi zinazomzidi mtu kimo.

Hapo lazima nieleze jambo moja. Wakati ule kule kwetu kwenye rizavu, maeneo waliyotengewa Waafrika, serikali ilikuwa imeanza kukata na kugawa mashamba, na habari zilikuwa zikija kila wiki: fulani amepata, fulani amekosa. Kigingi hakikuwa kijiti tu. Kigingi kikisimama mahali, kuna mtu ameongezewa na kuna mtu amenyang'anywa. Sasa akina mama waliamka wakakuta mstari wa vigingi vipya umesimama mwishoni mwa vishamba vyao. Hakuna aliyeuliza. Kabla jua halijatoka, kila mmoja alikwenda kwa siri yake, aking'oa kigingi kilichokuwa mwishoni mwa shamba lake akakisimika mbele, ndani ya bonde, kadiri ya moyo wake. Mwenye moyo mdogo alisogeza kidogo. Mama Njoki, ambaye tulikuwa tukimsikia akicheka kutoka upande wa pili wa kambi, alisogeza mpaka karibu na kijito. Mke wangu, Mama Kamau, alirudi nyumbani na matope miguuni akiimba. Mume mwenye akili haulizi wimbo.

Nikapeleka wafyekaji wangu. Mstari ulikuwa unakwenda kama nyoka aliyelewa, mahali pengine umekatika kabisa, lakini mimi nilikuwa nimeambiwa nafuata vigingi, basi nikafuata. Tukafyeka bondeni mpaka mchana. Mpimaji akaja. Akautazama mstari, akaitazama ramani. Akaigeuza ramani. Akakaa juu ya kichuguu, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa kwamba ardhi imesogea.

Nikamwambia ardhi haisogei, labda akina mama.

Nilitegemea atawaendea kwa matusi. Badala yake, jioni aliwaita wote uwanjani katikati ya kambi. Alichukua majivu ya jikoni akachora chini ile ramani yake, kubwa, mtu angeweza kutembea ndani yake. Mwamba akauacha udongo mtupu. Bondeni akatandaza nyasi kavu, nyingi. Kisha akawaambia kwa upole kila mama asimame palipo kigingi chake. Wakaenda kwa fahari. Mama Njoki alisimama mbali kuliko wote, mikono kiunoni, kama mwenye nchi.

"Mmeridhika na mahali mliposimama?"

Wakasema wameridhika.

Akachukua kaa la moto akalitupa mashariki ya nyasi, kisha akapepea kwa kofia yake. Nyasi kavu haina subira. Moto ulitembea chini mpaka kwenye nyayo zao, na wale mama wote waliruka kwa pamoja, leso mkononi, Mama Njoki wa kwanza, wakatua kwenye ule udongo mtupu.

"Hapo," Mpimaji akasema. "Hapo mnaposimama sasa ndipo nilipokuwa nimeweka vigingi."

Mama Njoki akamwambia kama hivyo ndivyo, kwa nini hakueleza mapema kwamba si vigingi vya shamba.

"Hamkuniuliza, mama. Mling'oa."

Kesho yake vigingi vilikuwa vimerudi kwenye mwamba, na hakuna aliyevirudisha. Ukiuliza mpaka leo, vilirudi vyenyewe.

Siku ya kuchoma, alichagua alasiri inayoelekea jioni, upepo ukiwa umechoka. Mpango ulikuwa hivi: kwanza tuwashe kando ya ukanda wetu, moto utambae polepole ukishindana na upepo, utuachie weusi mpana wa nyasi zilizokwisha kuungua. Halafu ndipo watu wengine wawashe ng'ambo, mashariki, ule moto mkubwa uje na upepo ukute weusi, ufe. Kila mtu mzima wa kambi alipewa tawi bichi na sehemu yake ya kusimama. Mpaka hapo tulielewana.

Tuligombana juu ya kitanda. Mimi nilikuwa nimenunua kitanda cha springi Thika, cha kwanza katika kambi ile. Watu walikuwa wakija kukikalia kwa zamu. Nikasema kabla ya kibiriti natoa kitanda changu na magunia yangu ya mahindi, nayapeleka barabarani. Wengine wakasema nao wanatoa vyao. Mpimaji akakataa. Akasema hakuna kitu kitakachotoka ndani ya nyumba, hata kigoda, na anayetoa akaombe kazi shamba jingine.

Nikamwambia, mbele ya watu, "Wewe unalala kwenye mabati karibu na ofisi. Ni rahisi kwako kuamini karatasi."

"Ni kweli nina mabati," akasema. "Na wewe una tawi. Lishike."

Kitanda kikabaki ndani. Nilimchukia mtu yule siku ile kwa moyo wangu wote, na sikuacha kwa miaka mingi.

Moto wa kwanza ulitambaa vizuri, mdogo, mpole, tukawa tunautania. Weusi ukapanuka. Kisha ng'ambo wakawasha. Kama hujawahi kusikia nyasi nzee zikiungua zote kwa pamoja, fikiria mvua ya mawe kwenye paa, halafu ongeza mnyama. Jua likawa jekundu. Mpimaji alikuwa amepanda juu ya kichuguu akiwa na ramani yake, peke yake, anaonekana na kila mtu. Moto ulipokaribia weusi ukaanza kufa kama alivyosema, na mimi nikaanza kufikiri labda nitamsamehe. Hapo upepo ukaamka. Ukageuka kidogo, ukainua cheche juu ya ukanda, zikaangukia majani ya maharage upande wetu. Nikageuka nikaona paa yangu. Ilikuwa karibu kiasi cha kurusha jiwe.

Juu ya kichuguu Mpimaji akapiga kelele, "Kaskazini! Moto umevuka kaskazini!"

Nakwambia, hakuna hata mmoja wetu aliyejua kaskazini ni wapi. Mmoja alikimbilia josho. Wawili waligongana. Mimi mwenyewe nilikimbia upande ambao penseli yake ilikuwa imeelekea. Yeye anazidi kupiga kelele kaskazini, kaskazini, na sisi tunazidi kuzunguka kama wale wana wa Israeli.

Ni mke wangu aliyesimama katikati ya moshi, akamwinulia Mpimaji tawi lake.

"Baba, sema ni kwa nani!"

Mtu yule akatazama karatasi yake, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akaanza kuita. "Kwa Mama Njoki! Kwenye viazi! Sasa kwa Mama Kamau, maharage ya chini! Rudini kwa Mama Njoki!" Alivijua vishamba vyote, na kila mpaka wake. Tukakimbia kama watu walioitwa kwa majina. Tulipiga moto kwa matawi, kwa magunia, Mama Njoki alipiga kwa sketi yake. Hakuna aliyeondoka. Nyusi zangu ziliota tena baada ya mvua. Upepo ukachoka, moto ukafia kwenye weusi, na jua lilipokwenda zake kambi yote ilikuwa imesimama, paa kwa paa, na sisi tumekaa chini mbele yake weusi kama masufuria, tunacheka bila kujua tunacheka nini.

Maharage ya Mama Njoki yaliungua kidogo. Mpimaji aliyasikia hayo maharage kila siku mpaka alipoacha kazi.

Ramani zilizofuata bado hakuchora ng'ombe. Lakini nilimwona siku moja ameandika kwa herufi ndogo sana, nyuma ya mwamba, jina la mama mmoja mmoja. Nilipomuuliza akasema ni makosa ya kalamu.

Miaka mingi baadaye, Uhuru umekuja na mimi nimeshajenga nyumba ya mawe, nilimkuta Ruiru nje ya duka la mbegu. Alikuwa mzee, ana fimbo, macho yameingia ndani, penseli haipo. Nikamchukua mpaka nyumbani. Mke wangu alifurahi kumwona, akaenda jikoni, nikasikia kuku analalamika. Tukakaa na chai, tukataja waliokufa. Halafu nikashindwa kujizuia.

"Siku ile ya moto ulijuaje kwamba upepo ungetulia?"

"Sikujua."

"Si ulikuwa umeupima asubuhi na jioni?"

"Nilipima upepo wa kila siku. Upepo wa siku moja hakuna anayeupima."

Nikaweka kikombe chini. "Na bado ukatukataza kutoa vitu. Kitanda changu, mahindi ya watoto wangu."

"Ungekitoa kitanda, ungekaa barabarani unakilinda. Kila mtu angekaa na gunia lake. Ukanda ungebaki na nani?"

Nikamuuliza kama upepo ungekataa kutulia ingekuwaje.

"Nyinyi mngebaki. Nyumba zilikuwa nyuma yenu, na kila kitu kilikuwa ndani. Nyinyi sikuwaogopa hata kidogo." Akakoroga chai ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa. "Niliyemwogopa ni mimi. Mimi nilikuwa na mabati. Kwa nini unafikiri nilipanda kwenye kichuguu? Ili nikianza kukimbia, mnione wote."

Mke wangu akaingia na sinia, paja la kuku ameliweka upande wa mgeni. Nilisubiri mpaka mzee amalize kula na kunawa mikono ndipo nikamweleza Mama Kamau alichosema mgeni, kwamba vitu vyetu alivizuia ndani ili tusikimbie. Namjua yule mwanamke. Ningemwambia mapema, paja lingerudi jikoni.